Uliza Shangazi: Likizo ya Septemba, Watoto Wamejaa Ndani

Meseji za mwezi huu karibu zote zinalia kitu kimoja, shule zimefungwa na watoto wamerudi mikononi mwetu. Wengine mmeandika kwa hasira mpaka nikacheka peke yangu. Nimechukua chache zinazofanana na za wengi, kama yako haimo soma tu, jibu lako huenda limo humu.

Shikamoo shangazi. Mi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Chikongola. Nina watoto watatu, mmoja darasa la nne, mmoja darasa la kwanza, wa mwisho ana miaka minne. Tangu shule zifungwe nashindwa kabisa, asubuhi mpaka usiku ni katuni tu, na simu yangu ndo usiseme, bando la wiki wanalimaliza siku mbili. Nikizima wanapigana. Nikiwatoa nje jua kali na bodaboda zinapita hapo hapo mlangoni. Baba yao anasema wote waende tuisheni wakae huko mpaka saa kumi. Hela yenyewe ya tuisheni ya watoto watatu sina, na kusema ukweli nawaonea huruma. Nifanyeje?
*Mama Watatu, Mtwara*

Marahaba mwanangu, pole na mashine. Nianze na tuisheni kwa sababu hiyo ndo ina hela ndani yake. Huyo wa darasa la nne ana upimaji wa taifa kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo sikatai asome, ila saa moja tu asubuhi, kichwa kikiwa bado hakijachoka. Mkalishe pembeni ya cherehani asome kwa sauti, we unashona huku unasikiliza, akikosea utasikia tu hata kama macho yako yapo kwenye pindo. Wale wawili wadogo waache kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza katoka kukaa kwenye dawati tangu Julai, leo umpeleke akakae kwenye benchi la mtu mwingine mpaka saa kumi kwa sababu tu baba yake anataka nyumba itulie, hapana. Mwambie baba yao shangazi kakataa.

Sasa tatizo lako mi silioni kwenye katuni, naliona kwenye siku yenyewe. Shuleni kuna kengele ya kuingia, ya uji, ya kutoka. Hapo kwako siku nzima ni jora ambalo halijakatwa, mtoto haoni pa kuanzia wala pa kuishia, basi anajilaza mbele ya TV. We fundi unajua cha kufanya, kata vipande. Na mkasi unao, adhana. Asubuhi mpaka jua likianza kuwaka ni nje. Kutoka hapo mpaka baada ya adhuhuri ni ndani au barazani. Alasiri wanakwenda madrasa kama kawaida (na kama hamwendi madrasa, mnakwenda kanisani, muda huo huo mtafutie wa kwake). Wakirudi ndo katuni, na zikifika mwisho wake zimefika. Siku mbili za kwanza watalia, ya tatu utasikia wenyewe wanaulizana "bado adhana?"

Hilo la bodaboda ni kweli, sitakwambia uwaachie tu mlangoni. Ila hapo mtaani kwenu hukosi wamama wengine wanaolia kama wewe. Ongea nao wawili watatu mpeane zamu, leo huyu anakaa na watoto wote kwenye uwanja au uani nyuma ya nyumba, kesho yule. Zamu moja ya asubuhi inakupa asubuhi nyingine za kushona bila makelele, piga hesabu mwenyewe hapo umeokoa magauni mangapi.

Na huko nje usiwape programu, wape vifaa tu. Chupa tupu ya maji na mchanga na mpira, hiyo ni rede tayari, wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga, akipigwa katoka. Siku hizi watoto wengi wa mjini hawaijui rede, jitokeze dakika kumi uwaonyeshe, na usione haya kukimbia, we ulikuwa bingwa na unajua. Mpira wenyewe zamani tulikuwa tunafunga mifuko ya nailoni, tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 mpira wa hivyo umekuwa adimu, lakini kwako wewe vitambaa vinamwagika chini kila siku, viviringishe ndani ya soksi iliyopasuka uufunge na kamba, unadunda kidogo ila unarushika. Wa darasa la kwanza mfundishe mdako, shimo dogo na vijiwe, unarusha kimoja juu unatoa vingine shimoni kabla hicho hakijadondoka. Ni mchezo wa kukaa kivulini, hauna gharama, na hesabu za kutoa na kurudisha anazifanya bila kujua kama anafanya hesabu.

Mchana wakiwa ndani, mkubwa mpe bao. Usiseme huna bao, mashimo manane kwa mistari minne unachimba hapo uani, 32, na kete 64, kama hakuna komwe basi vijiwe au hata mbegu za ukwaju. Mtafute mzee mmoja wa pale kijiweni amuonyeshe kusomba na kula, hao wazee wana muda kuliko sisi wote na wanapenda kuulizwa. Mtoto akishaanza kuhesabu kete itaishia shimo gani kabla hajaishika, huyo hutomsikia tena saa nzima.

Vipande vya kitambaa usitupe likizo hii. Kapu moja liwe la watoto, wa kati atengeneze mwanasesere, mkubwa mfundishe kushona kwa mkono, sindano kubwa butu na uzi mrefu. Wa miaka minne atapanga vitambaa kwa rangi, atavipangua, atavipanga tena. Vifungo usimpe, vinaingia puani.

Jikoni nako pana michezo mingi kuliko duka la midoli, mkubwa akae kwenye mbuzi akune nazi, wa kati achambue mchele, mdogo aoshe nyanya kwenye beseni. Wataloa. Utafanya kazi mara mbili siku ya kwanza, najua, na wali utachelewa. Ila ukisubiri mtoto ajue kazi ndo umuache aguse, hatojua.

Alafu kuna wakati watakuja wamekunja sura, "mama tumeboreka". Hapo ndo wazazi wengi tunakosea, tunakimbilia simu. Usijibu kitu. Sema "haya" afu endelea na pindo lako. Ukichungulia baada ya muda utakuta viti vimepangwa foleni, mmoja dereva, mmoja konda anapiga kelele "Mikindani, Mikindani, wawili tu", na huyo mdogo ndo abiria amekataa kulipa nauli. Hakuna shangazi wala mwalimu anayeweza kuwapangia hiyo, inatoka kwenye kuboreka.

Kuhusu kioo chenyewe, Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo 2019, mtoto wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo yule mdogo saa moja basi. Wale wakubwa panga wewe, ila wote waangalie TV moja sebuleni, simu irudi kuwa ya wateja wako. Na ugomvi wa kuzima unatokana na unavyozima, unafika unabonyeza katuni ikiwa katikati, hata wewe ukizimiwa tamthilia yako hivyo utagombana na mtu. Sema mapema "hii ikiisha ndo mwisho", afu ikiisha, iishe kweli.

Siku moja ya wiki hii wapeleke pwani, Shangani ni karibu. Angalia mwezi, ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji yanatoka mbali sana na mwamba unabaki wazi, watoto wataona kaa, majongoo ya bahari, samaki wadogo waliosahaulika kwenye vidimbwi. Viatu vya plastiki miguuni kwa sababu ya ile miiba myeusi. Waangalie bila kuchukua, wageuze jiwe warudishe lilivyokuwa. Na maji yakianza kurudi, na bamvua yanarudi haraka, nyote mshakuwa kwenye mchanga mkavu. Mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuangalia watoto tu, asiwe anapiga selfi.

Shangazi, mimi ni mkulima Tandahimba. Korosho ndo zimeanza kudondoka na watoto wapo likizo. Mke wangu anasema nikiwapeleka shamba nawatumikisha, mimi naona ni bora kuliko kuzurura. Nani yuko sawa?
*Baba wa Mikorosho*

Wote wawili, inategemea unawapeleka kufanya nini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto anaweza kuajiriwa kuanzia miaka 14, tena kazi nyepesi tu. Wewe hujaajiri mtu, unakwenda na wanao shambani asubuhi, hilo halina shida. Shida inaanza pale mtoto wa miaka tisa anapokuwa na hesabu ya ndoo za kufikisha kwa siku, au anabeba gunia, au unampa bomba la salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Salfa hata aliyesimama pembeni inamuingia machoni na kifuani, kama bado unamalizia kupulizia mikorosho iliyochelewa maua, siku hiyo watoto wabaki nyumbani, hapo mkeo yuko sawa moja kwa moja.

Waende kuokota, saa mbili tatu kabla jua halijawa kali, chini ya mikorosho pawe pameshafyagiwa, majani makavu yakirundikana nyoka anakaa humo. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, watakula mpaka nguo zote ziwe na madoa, wavalishe zile ambazo huzionei uchungu, doa la bibo halitoki. Na yale mabibo yaliyodondoka juzi yakaanza kuchacha yakae mbali na wadogo, uraka, pombe ya mabibo, hauulizi umri.

Kwenye kuchoma ndo nataka unisikilize vizuri. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakigusa ngozi inababuka, na ukichoma yanaruka na kuwaka ghafla, moshi wake nao unawasha macho. Watoto wetu huku kila msimu wanajichomea wenyewe kwenye bati nyuma ya nyumba, tunawaona tunapita. Usipite. Kama wanataka korosho za kuchoma, na watataka, unawachomea wewe, upande upepo unakotokea, wao mbali, zikizima zikapoa ndo wanagonga, mikono wamepaka majivu, na wakimaliza wananawa kwa sabuni kabla hawajajishika uso.

Ukitaka na akili nayo ichangamke, wape mizani. Korosho ghafi nzuri kilo moja inakuwa na punje 200 hivi, zikiwa ndogo ndogo idadi inapanda. Waambie wakisie kwanza, afu wapime, wahesabu kilo ya mti huu na ya mti ule waone mti upi una korosho nono, hata wewe utapata kujua kitu kuhusu shamba lako. Alafu kila mmoja awe na ndoo yake ndogo ambayo ni ya kwake kweli, minada ikianza Oktoba ukauza, na hela yake mpe mkononi. Usije ukasema umemtunzia. Watoto wote wa Kusini wanalijua hilo la "nimekutunzia".

Shikamoo shangazi. Nimezaliwa Lindi mjini, sasa naishi Berlin na mume na watoto wawili, miaka 8 na 10. Huku Oktoba shule zinafungwa wiki mbili, likizo ya vuli, baridi imeanza, mvua, giza linaingia mapema, tupo flat ghorofa ya nne. Watoto hawana uwanja kama tuliokuwa nao sisi. Nawafanyia nini? Nataka pia wajue kidogo kwao.
*Mwana wa Lindi*

Marahaba mwanangu, karibu. Wewe una bahati ambayo sisi tuliobaki huku hatuna, mtu maarufu kuliko wote aliyewahi kutoka Lindi yuko hapo hapo mjini kwenu. Nenda na watoto kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, ukiingia ukumbi mkubwa utamkuta amesimama, dinosaria wa Tendaguru, shingo imekwenda juu zaidi ya mita 13, wataalamu wanamwita Giraffatitan. Mifupa yake ilichimbwa kwenye kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 tu kaskazini magharibi ya Lindi, kwenye safari ya uchimbaji ya Wajerumani ya 1909 mpaka 1913.

Ila usiwaache wasome kibao tu wakaondoka. Waambie kilichofanyika. Mamia ya watu wa huku ndo walioshika majembe, na mifupa ile, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu mpaka bandari ya Lindi, ndo ikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuitoa mifupa bila kuivunja. Waulize wanao: mfupa wa paja mrefu kuliko baba, ungeubebaje bila gari? Waache wabishane kwenye treni mpaka nyumbani. Na wakikuuliza mbona hajarudishwa, usiwazime, ni swali ambalo watu wazima wa pande zote mbili bado wanalijadili, mi binafsi naona ni ajabu mtoto wa Lindi anapanda ndege kwenda kumuona mnyama wa Lindi. Wajibu unavyoamini.

Siku mvua ikikatika shuka nao chini na chaki, wamchore kwa ukubwa wake kwenye lami ya uani, kutoka pua mpaka mkia ni mita 22 hivi, pimeni kwa kamba. Ndugu zako wa huku siku hiyo hiyo watoto wao wamchore kwenye mchanga wa ufukweni, afu mtumiane picha. Nina uhakika wa Lindi watamuongezea mkia, watoto wa huku hawapendi kushindwa.

Vuli ya huko ina vitu vya bure pia. Zile mbegu za kahawia zinazong'aa, Kastanien, zimejaa chini ya miti mwezi huo, Wajerumani wenyewe wanawatengenezea watoto wanyama kwa kuzichoma njiti za kiberiti. Nyinyi zikusanyeni 64, trei za mayai zikateni mpate vikombe 32, hilo ni bao kamili mezani ghorofa ya nne. Jirani wa Kijerumani akigonga kuuliza mnacheza nini, mkaribishe.

Na mpigieni bibi kwa video jioni awategee vitendawili. Likizo ikianza mpo nyuma yetu saa moja tu, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba huko mnarudisha saa, zinakuwa mbili, kwa hiyo msije mkampigia bibi ameshalala mkadhani kawanunia.

Mwanangu, nimeletewa wajukuu wanne kutoka Dar wiki nzima hapa Mikindani. Hawataki kutoka ndani, wanauliza waifai, na chakula wanachagua. Mimi mguu unaniuma siwezi kukimbizana nao.
*Bibi*

Shikamoo bibi, na pole na mguu. Huna haja ya kukimbizana, we kaa barazani uwatume. Mmoja akanunue samaki ufukweni na mtoto wa jirani anayejua kuchagua, asipewe waliolala. Wawili wazunguke mji wakuhesabie milango ya nakshi ya zamani, wachore mmoja waliouona mzuri wakuletee. Wakifika kwenye lile boma la Wajerumani, lile la 1895 ambalo sasa ni hoteli, waulize waonyeshwe. Yule anayelilia waifai, huyo mpe ukili ajifunze kusuka, vidole vikishika kazi hawezi kushika simu, na anayesuka anabaki hapo hapo karibu yako, utamuona usoni siku ya pili anakuuliza mkeka unamalizwaje.

Usiku umeme ukikatika, na Kusini tunajua unakatika, usiwashe tochi haraka. Sema tu "kitendawili!" Wa kwanza atakayejibu "tega" ndo wa kuanza naye. Ukiona hawajui kutoa mji, wafundishe, wakitaja Dar kila mara wakatalie, watafute miji mingine, wataanza kuuliza Newala iko wapi, Nachingwea iko wapi.

La chakula usibembeleze bibi yangu. Pika ulichopika, weka sinia moja wote wale pamoja, asiyetaka ugali wa muhogo apewe maji akae hapo hapo na wenzake. Jioni baada ya pwani atakula hata ukoko. Na ule mguu, hao wajukuu wakubwa wakukande maji ya moto kila usiku, ila ukivimba nenda kituo cha afya bibi, usisubiri likizo iishe.